Mtoto wa Miaka Themanini na Saba

Thelma Crabtree hakuwa akitafuta singe. Alikuwa akitafuta kifuniko cha birika lake la chai, maana kile cha zamani kilimponyoka akikiosha kikavunjika. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa jikoni kwake, mjini Todmorden, na kishikwambi alicholetewa na bintiye anayeishi Australia, mvua ikinyesha nje kama kawaida ya mvua ya huko, bila haraka na bila nia ya kuacha. Mtandao ukamwonyesha vifuniko viwili vibaya. Kisha, kwa ukarimu wake, ukaanza kumwonyesha mambo ambayo hakuyauliza: viti vya kuogea wazee, bima ya mazishi, na duka moja la vifaa vya vita vya zamani. Na humo dukani, kati ya kofia ya chuma na filimbi ya ofisa, alikuta singe ya babu yake.

Singe ni kile kisu kirefu ambacho askari hukichomeka mdomoni mwa bunduki anapoishiwa risasi, au subira. Mzee Enoch Uttley alirudi nayo kutoka Vita Kuu ya Kwanza, singe moja na vidole vinane vya miguu. Serikali ikakumbuka kumdai bunduki, ikasahau kisu. Mkewe, ambaye hakuvumilia kitu chochote kukaa bure nyumbani mwake, mume akiwemo, akakipa kisu kazi: alichomeka kipande cha mkate kwenye ncha akakisogeza mbele ya moto mpaka kikawa rangi ya asali. Thelma na mdogo wake Clifford walilelewa kwa mkate huo. Walikuwa wakubwa kabisa walipogundua kwamba kuna nyumba ambamo mkate huchomwa kwa kitu kingine.

Hapakuwa na shaka kwamba ndiyo yenyewe. Mpini wake wa mbao ulikuwa umeungua upande mmoja, doa jeusi lenye umbo la ulimi, tangu siku bibi alipoisahau motoni akaenda kugombana na jirani. Juu ya doa zilikuwapo herufi E.U. alizozichonga babu kwa mkono wake. Mwenye duka, ambaye bila shaka alikuwa msomi wa mambo hayo, aliandika chini ya picha kwamba herufi hizo, ambazo yeye alizisoma kama kifupi cha Umoja wa Ulaya, "huenda zilichongwa miaka ya karibuni kwa sababu za kisiasa."

Aliyeiuza ni Clifford. Mwaka 1974 alikuwa akimfukuzia mwanamke mmoja wa Halifax aitwaye Glenys, na akajiaminisha kwamba kinachomzuia Glenys kumpenda ni ukosefu wa koti la ngozi. Singe ikaenda, koti likaja, Glenys akaolewa na daktari wa meno. Thelma alikuwa amemsamehe mdogo wake mengi, pamoja na siku aliyosinzia na kukoroma kwenye mazishi ya shemeji yake. Singe hakuisamehe. Kila Krismasi, mezani, alihakikisha imetajwa, kama watu wengine wanavyohakikisha sala imesemwa.

Basi akaweka kikombe chini, akavaa miwani ya kusomea, akabonyeza palipoandikwa "Nunua."

Duka likamuuliza: Je, umefikisha miaka kumi na minane?

Thelma alicheka peke yake jikoni. Alikuwa na miaka themanini na saba, magoti mawili ya kutengenezwa hospitalini, na kaburi la mume alilokuwa akilipalilia kwa mwaka wa kumi na tano. Akabonyeza "Ndiyo." Duka likamshukuru kwa uaminifu wake, kisha likamwonyesha kwamba halikumwamini hata kidogo. Likamtaka achague mwaka wa kuzaliwa.

Miaka ilikuwa imepangwa kwenda chini. Thelma akaisukuma kwa kidole. Ikapita miaka ya wajukuu, ikapita ya wanawe, ikapita mwaka wa harusi yake, ikaingia vitani, na hapo, kwenye 1940, ikakoma. Akasukuma tena. Haikwenda. Yeye alizaliwa 1938. Kwa mujibu wa duka lile, watu waliozaliwa kabla ya hapo ama walikuwa wameshakufa ama walikuwa wametosheka na silaha.

Akachagua 1940. Mara ya mwisho kudanganya umri alikuwa msichana, akijiongezea miaka ili aruhusiwe kuingia dansini, na yule mlinzi wa mlangoni alimtazama tu akampisha. Sasa alijipunguzia miwili na hakupishwa. Duka lilitaka kitambulisho.

Akapiga picha pasipoti yake. Jibu likaja kwamba pasipoti imekwisha muda, jambo ambalo lilikuwa kweli, kwa kuwa safari yake ya mwisho ng'ambo ilikuwa ya kwenda Uhispania na marehemu, ambaye aliugua tumbo wiki nzima akaapa hatoki tena. Akapiga picha pasi yake ya basi, ile wanayopewa wazee tu, na ambayo huwezi kuipata bila kuthibitisha kwamba wewe ni mzee. Jibu likaja kwamba kitambulisho hicho hakitambuliki, na tena mwaka ulioandikwa humo haulingani na mwaka aliouchagua, na je, alikuwa akijaribu kutumia kitambulisho cha mtu mwingine?

"Cha mama yako," Thelma akakiambia kishikwambi.

Lakini duka halikumkatia tamaa. Lilikuwa na njia moja ya mwisho, ya kisasa kabisa: mashine ingemtazama usoni ikakadiria umri wake. Thelma alifurahi. Kama kuna ushahidi aliokuwa nao kwa wingi, ulikuwa huo. Akakitegemeza kishikwambi kwenye mtungi wa sukari, akakaa wima, akatazama mbele.

Mashine ikamwambia asogee penye mwanga. Akawasha taa. Ikamwambia avue miwani. Akavua, na tangu hapo hakuweza kusoma ilichokuwa ikimwambia. Akaivaa, akasoma, akaivua, akafanya alichoambiwa, akaivaa tena aone kama amefaulu. Ikamwambia apepese macho ili ithibitishe kwamba ni mtu aliye hai. Akapepesa. Ukope wake wa kushoto huwa mzito asubuhi, na mashine haikuridhika na uhai wake. Hatimaye alichoka, akainama kuokota kitambaa chake kilichoanguka, na hapo hapo kishikwambi kikalia kwa furaha. Uso umepatikana.

Nyuma yake, ukutani, palikuwa na picha aliyopigwa utotoni, amevaa gauni jeupe la maandamano ya shule ya Jumapili, utepe kichwani. Mashine ilikuwa imeipenda sana picha hiyo. Umri unaokadiriwa, ikasema, miaka kumi na miwili.

Duka likafungwa usoni pake. Kabla ya chai kupoa akaletewa barua pepe iliyoanza kwa maneno "Mpendwa rafiki mdogo." Ilimweleza kwa upole kwamba silaha si vitu vya kuchezea, kwamba akaunti yake imefungwa kwa ajili ya usalama wake, na kwamba kama kuna jambo linalomsumbua nyumbani au shuleni, azungumze na mzazi au mtu mzima anayemwamini.

Thelma alisoma barua hiyo mara mbili. Mama yake alikuwa kwenye makaburi ya kanisa la Methodisti, juu mlimani, na hakuwa mwepesi wa mazungumzo hata alipokuwa hai. Mtu mzima anayemwamini hakumpata mji mzima. Akaishia kumpigia simu Clifford.

Clifford Uttley alikaa mitaa miwili kutoka hapo, kwenye nyumba za wazee zenye kamba nyekundu ya kuvuta ukianguka. Alifika akiwa na kofia yake ya kitambaa, koti linachuruzika maji, akakaa bila kukaribishwa na kujimiminia chai iliyobaki birikani.

"Lipo wazi hilo birika," akasema.

"Ndiyo maana tuko hapa. Tazama hii."

Akamsogezea kishikwambi. Clifford aliitazama picha ya singe. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyotarajia Thelma, na kikombe hakikufika mdomoni.

"Imeungua pale pale," akasema.

"Ulitaka iungue wapi kwingine?"

"Kumbe bado ipo. Mimi nilidhani yule bwana aliiyeyusha."

"Ulidhani. Kwa hiyo hata kujua hukujua ulimuuzia nani."

"Dada, leo si Krismasi."

Thelma akamsimulia mkasa wote, mwaka uliokoma, pasipoti, pasi ya basi, uso. Clifford alisikiliza kwa huzuni ya mtu anayejitahidi sana asicheke. Thelma alipofika kwenye pasipoti, akashindwa.

"Yaani utu uzima ulikuwa nao," akasema, "ila umekwisha muda."

"Cheka. Cheka mpaka uvute ile kamba nyekundu."

"Na kumi na miwili! Mimi nina themanini na nne. Maana yake kuanzia leo wewe ni mdogo wangu. Inuka uniwekee maji ya chai."

"Clifford."

"Niite kaka."

Thelma alimtazama kwa jicho ambalo lilikuwa limeshawatoa nje wauza bima wengi. Clifford akanyanyuka mwenyewe akaweka maji.

Wakampigia simu mwenye duka. Jina lake lilikuwa Gervase Holroyd, na duka lenyewe, ukiacha la mtandaoni, lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la nyuzi za sufu huko Knaresborough. Alikuwa na sauti ya mtu aliyesomeshwa kwa fedha nyingi na ambaye fedha hizo sasa anazitamani.

"Mama, nakuamini kabisa," akasema. "Sauti yako tu inanitosha."

"Basi niuzie."

"Siwezi. Nilimuuzia kijana mmoja kisu cha Kituruki, ndevu zimemfika kifuani, nikamwita mzee kwa heshima zote. Kumbe ana miaka kumi na saba, katumwa na halmashauri kunipima. Nusura nifunge duka. Tangu hapo mimi siamini ndevu, siamini mvi, siamini sauti. Naamini pasipoti au leseni ya udereva, na ziwe hai."

"Mimi niko hai. Hiyo haitoshi?"

"Kwa bahati mbaya, mama, haitoshi."

Akasema kama wangefika wenyewe na kitambulisho halali angewauzia mkononi, lakini wafanye haraka, kwa sababu kuna Mmarekani anaipigia hesabu ile singe, na Mmarekani huyo ana leseni. Thelma alifunika simu kwa kiganja akamgeukia mdogo wake.

"Leseni yako bado hai?"

"Hai kabisa," Clifford akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akakaa vizuri kwenye kiti. Gari hakuwa nalo tangu alipoligonga kwenye nguzo ya taa mbele ya kituo cha polisi, na siku za ukungu alikuwa akisalimia masanduku ya posta akidhani ni watu. Ila leseni aliihuisha kila ilipodai, kwa heshima. Serikali ilimruhusu kuendesha tani nzima ya chuma barabarani. Ingekosaje kumruhusu kununua kisu cha mkate?

Kesho yake wakapanda treni. Thelma alivaa koti lake la kanisani na Clifford akabeba sandwichi za jibini kwenye mfuko wa mkate. Walibadili treni Leeds, Clifford akamuuliza njia mtu ambaye alikuwa sanamu, na adhuhuri wakawa wanapanda ngazi za Bwana Holroyd, Thelma akisimama kila hatua chache ili magoti yake yakubaliane.

Holroyd alikuwa mrefu na amepinda juu kama mpini wa mwavuli. Aliwapa viti, akawapa pole ya ngazi, akamsifu Thelma koti. Kisha akasafisha koo.

"Naomba kitambulisho."

"Unaniona," Thelma akasema.

"Nakuona, mama."

"Unaona nini?"

Holroyd akatazama sakafu. "Sheria yangu mwenyewe nimejiwekea, nikianza kutazama watu nitarudi kule kule kwa mwenye ndevu."

Clifford akatoa leseni yake, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka turufu. Holroyd aliikagua mbele na nyuma, akaifananisha picha na uso, akaridhika. Akaingia chumba cha ndani akatoka na singe imelala kwenye kitambaa cha kijani.

Thelma alinyanyua mkono. Holroyd, kwa adabu kubwa, akakisogeza kitambaa upande wa Clifford.

"Samahani. Ni mnunuzi tu anayeruhusiwa kuishika."

 Chini, mtu alikuwa akiulizia sufu ya rangi ya haradali. Thelma alikuwa ameshika mikoba mikubwa maishani mwake, na wa leo ulikuwa mmojawapo. Akaukaza mkononi kama wa kupiga nao mtu, akakumbuka alichokuja kufuata, akaurudisha magotini.

Clifford aliichukua. Kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye lile doa la kuungua, kikakaa pale kilipokuwa kikikaa zamani, maana zamu ya kushika singe iligombewa kila jioni na kila mmoja alikuwa na mshiko wake. Masihara yakamwisha. Akaipeleka puani akainusa, mbele ya Holroyd aliyejifanya kutafuta karatasi.

"Ina harufu ya mafuta ya mashine," akamwambia dada yake. "Wameiosha."

"Wameiosha," Thelma akaitikia, na sauti yake haikuwa ya ugomvi.

Clifford akalipa kwa kadi ya dada yake, jambo ambalo halikumsumbua Holroyd wala sheria yake. Lililomsumbua lilikuwa jingine.

"Lazima nikuulize, bwana. Hununui kwa niaba ya mtu ambaye umri wake haujathibitishwa?"

Clifford akageuka akamtazama dada yake kuanzia kofia hadi viatu.

"Hapana," akasema. "Naichukua kwangu."

"Na utahakikisha haifiki mikononi mwa mtoto?"

"Nitajitahidi. Ila huyu mmoja ni mtundu."

Wakafungiwa singe kwenye katoni na kipande cha pazia kuukuu, na stakabadhi iliyoandikwa jina la Clifford Uttley. Kwenye treni ya kurudi Clifford aliilaza magotini akaikumbatia njia nzima, akitazama mashamba.

"Unajua kisheria hii ni yangu," akasema.

"Nimelipa mimi."

"Na mimi nimethibitishwa. Umesikia mwenyewe. Ukiitaka itabidi uniombe vizuri."

"Nikuombe? Miaka hamsini hujawahi kuniomba radhi hata kwa kunong'ona, leo mimi nikuombe?"

"Nilikuomba."

"Lini?"

"Krismasi moja. Ulikuwa jikoni. Bomba la maji lilikuwa wazi."

"Basi uliliomba bomba." Thelma akageukia dirisha. "Kaitafutie koti jingine. Labda yule daktari wa meno ameshakufa."

 Hawakusemezana tena mpaka Leeds, na sandwichi ya mwisho ikabaki katikati yao, kila mmoja akiisubiri imshinde mwenzake.

Balaa iliwakuta kituoni Leeds, kwenye ngazi za umeme. Katoni ilikuwa imelowa chini, ikapasuka, na singe ikachungulia pazia kwa urefu wa kiganja, inang'aa, maana Holroyd hakuiosha tu bali aliipiga na msasa. Bibi mmoja mwenye kijibwa akapiga ukelele mdogo. Walipofika juu walikuwa wanasubiriwa na askari wawili wa kituo, kijana mmoja ambaye hakusema neno muda wote, na konstebo wa kike aitwaye Farooqi, mwenye uso wa mtu aliyekwishaona mengi tangu saa mbili asubuhi.

"Naomba uweke chini hicho, babu. Taratibu."

Clifford akaweka. Abiria wakatengeneza duara, simu mikononi.

"Ni nini hii?"

"Ya kuchomea mkate," Clifford akasema.

Konstebo Farooqi alimtazama akasubiri jibu jingine. Thelma akaona mambo yanaharibika, akaingilia kati, akaeleza babu, vita, bibi, jiko, Knaresborough. Akaonyesha stakabadhi. Konstebo aliisoma akarudisha macho kwa Clifford.

"Kwa hiyo wewe ndiye Bwana Uttley. Na hii ni yako."

Lilikuwa swali jepesi. Stakabadhi ilikwishalijibu. Clifford alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. Thelma alimtazama naye akasubiri, kwa sababu hakuwa na uhakika, na kutokuwa na uhakika na mdogo wake lilikuwa jambo geni kwake.

"Hapana," Clifford akasema. "Ni ya dada yangu. Bibi yetu alimwachia yeye. Mimi niliichukua bila kumwambia nikaiuza, na sasa ninamrudishia."

"Uliichukua lini?"

"Sabini na nne."

"Tarehe sabini na nne?"

"Mwaka, binti yangu. Elfu moja mia tisa."

Konstebo aliandika. Alikuwa mtu makini, akamgeukia Thelma bila hata chembe ya tabasamu.

"Bibi, ungependa kufungua kesi ya wizi?"

Thelma alifikiri. Alifikiri kwa muda ambao Clifford aliuona mrefu kuliko safari nzima ya Knaresborough. Akaitazama ile kofia iliyokunjwa, na lile kovu kidevuni alilolipata akimkimbiza yeye kwenye ngazi za kanisa, na masikio yake, makubwa kuliko zamani.

"Leo hapana," akasema. "Lakini niandikie mahali pa kuja."

"Sawa. Naomba jina lako kamili na tarehe ya kuzaliwa."

"Thelma Uttley Crabtree. Tarehe tatu Machi, elfu moja mia tisa thelathini na nane."

Konstebo Farooqi akaandika. Hakuuliza pasipoti. Hakumwambia asogee penye mwanga. Kalamu yake ilipita kwenye thelathini na nane kama inavyopita kwenye nambari yoyote, ikaenda mstari wa chini.

"Umeniamini?" Thelma akauliza.

"Kuhusu nini?"

"Mwaka."

"Bibi," konstebo akasema, "mimi nina macho."

Yalikuwa maneno ya kawaida, na bila shaka yasingemfurahisha mwanamke mwingine yeyote pale kituoni. Thelma alitamani kumkumbatia. Siku nzima ile, na iliyotangulia, mtu wa kwanza mwenye mamlaka kukubali kwamba yeye ni mtu mzima alikuwa huyu aliyekuja kumkamata.

Hawakukamatwa. Konstebo alipiga simu dukani kwa Holroyd, akamsikiliza kwa dakika ndefu akimweleza habari za ndevu, kisha akaizungushia singe utepe wa plasta mpaka ikawa kama mguu uliovunjika. Akawasindikiza hadi kwenye behewa, akamkabidhi kondakta awape wakifika. Thelma akampa konstebo ile sandwichi ya jibini. Akaikataa kwanza, kama inavyopasa, halafu akaichukua.

Nyumbani kulizuka tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria njiani: moto. Jiko la Thelma lilikuwa la umeme. Lile la zamani la makaa lilitolewa na marehemu mumewe, na mahali pake paliwekwa mashine ya kufulia. Huko kwa Clifford ukiwasha hata mshumaa king'ora hulia na mwanamke mwenye sauti tamu huzungumza nawe kutoka ukutani.

Basi wakatoka uani. Thelma akatafuta ndoo ya bati iliyotoboka, Clifford akavunjavunja sanduku la matunda. Mvua haikuwa imekata. Clifford alisimama na mwavuli, si juu ya dada yake wala juu yake mwenyewe, bali juu ya ndoo, na moshi ukakusanyika chini ya mwavuli ukawatoa wote machozi. Ile plasta ya polisi walihangaika nayo kwa mkasi wa kukatia maua.

Clifford akanyoosha mkono apewe mpini.

"Thibitisha umri," Thelma akasema.

"Dada, nalowa."

Akachomeka mkate mwenyewe akainama motoni. Kipande cha kwanza kiliungua upande mmoja na kubaki kibichi upande wa pili. Akakipaka siagi hivyo hivyo, akakigawa kwa mkono, wakala wamesimama, maji yakiwaingia shingoni. Kilikuwa na ladha ya moshi, ya rangi ya sanduku, na kwa mbali ya mafuta ya mashine.

"Si kama ule wa bibi," Clifford akasema baada ya kutafuna sana.

"Ule tulikuwa na njaa."

Clifford akatikisa kichwa kukubali, akajipangusa siagi kwenye kidevu. Thelma akakata kipande kingine, kinene zaidi. Alikichomeka kwenye ncha, akaitazama singe kidogo, kisha akaigeuza, akampa mdogo wake upande wa mpini, akamnyang'anya mwavuli.

"Usikiunguze," akamwambia.